Kikundi Kisichomwacha Jirani Nje: Mwongozo Kamili wa Uchumi wa Jamii Mtaani

Karibu kila mtaa na kila kijiji cha Tanzania kina kikundi cha kuweka na kukopa. Wengine wanakiita VICOBA, wengine hisa, wengine kikoba tu. Vikundi hivi vimesomesha watoto, vimeezeka nyumba, vimezika wafu kwa heshima. Lakini keti na mjumbe wa shina umuulize ni nani katika nyumba zake hayumo kwenye kikundi chochote. Majina atakayokutajia yanafanana mtaa hadi mtaa: kijana kiziwi anayeshinda nyumbani, bibi anayelea wajukuu, dada wa kazi za ndani, mpangaji aliyehamia juzi, mama aliyepona fistula lakini bado ananong'onwa, kijana anayekunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, kila asubuhi. Hao ndio wanaoangukia kwenye mikopo ya kausha damu, yenye riba ya kunyonya, au hawakopi kabisa.

Ninaamini kwa dhati kwamba wengi wao hawafungiwi nje na umaskini peke yake. Wanafungiwa na kanuni za vikundi vyenyewe: kiasi cha hisa, saa ya kikao, sharti la mdhamini, mahali pa kukutania. Kanuni hizo ziliandikwa na watu, na watu wanaweza kuziandika upya. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kufanya kazi hiyo, kuanzia kuwatambua waliobaki nje hadi kuwapatia kazi yenye ujira. Nimefuata utaratibu wa Tanzania Bara. Kwa msomaji wa Kenya au Zanzibar sheria zitakuwa na majina mengine, ila sehemu kubwa ya mbinu itamfaa.

Tunaposema uchumi wa jamii

Ni shughuli za kiuchumi zinazomilikiwa na watu kwa pamoja, zinazoamuliwa kwa kura ya mtu mmoja mmoja, na ambazo faida yake inarudi kwa wanachama na majirani zao. Humo mna vikundi vya hisa, SACCOS, vyama vya ushirika, karakana za watu wenye ulemavu, vikundi vya kuzoa taka na vyama vya kuzikana. Mwezi Aprili 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuhimiza uchumi wa namna hii duniani, lakini kwetu si jambo geni. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, tangu 1933.

Kikundi cha hisa chenye kisanduku cha kufuli tatu, kama tunavyokijua leo, kilianzia kwa wanawake wa vijijini Niger mwaka 1991 wakisaidiwa na shirika la CARE. Wengi wao hawakujua kusoma, kwa hiyo hesabu ziliwekwa kichwani: kila mwisho wa kikao walikariri pamoja kiasi kilichobaki kisandukuni, na kikao kilichofuata kilianza kwa kukikariri tena. Mfumo uliotungwa kwa ajili ya watu wasiojua kusoma umefika kwetu, na leo mtu anakataliwa uanachama kwa sababu hawezi kuandika barua ya maombi. Hilo linasikitisha, na ndipo pa kuanza kurekebisha.

Hatua ya kwanza: jua nani yuko nje na kilichomweka nje

Kusanya waanzilishi watatu au wanne. Angalau mmoja wao awe ni mtu ambaye mwenyewe yuko nje ya vikundi vilivyopo. Mkikosa mtu wa namna hiyo tangu mwanzo, mtaandika kanuni kwa kubahatisha.

Nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa wajumbe. Kisha zungumzeni na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, maana yeye huingia nyumba ambazo sisi hatuingii. Wasimamizi wa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF wanazijua kaya zenye hali ngumu. Mwalimu wa kitengo cha elimu maalumu anajua wanafunzi wake waliomaliza wako wapi. Imamu, padri na mchungaji wanajua wajane. Kwa watu wenye ulemavu, tafuteni vyama vyao wenyewe vilivyo chini ya shirikisho lao, SHIVYAWATA, mfano CHAVITA kwa viziwi.

Tahadhari moja hapa haina mjadala: msiandike orodha yenye maradhi ya watu. Jina, nyumba na namba ya simu vinatosha. Mtu akitaka kueleza hali yake ataeleza mwenyewe, kwa wakati wake.

Mkimtembelea mtu, msimpe mhadhara. Muulizeni mambo manne. Je, amewahi kuwa kwenye kikundi, na kama aliondoka, kwa nini? Kwa wiki anaweza kuweka kiasi gani bila kulala njaa, hata kama ni shilingi 500? Siku na saa gani yuko huru? Na kuna kazi gani anaijua au angependa kujifunza? Swali la mwisho ndilo linalosahaulika, ilhali majibu yake ndiyo yatakayoamua biashara ya kikundi.

Mkimaliza, kaeni muandike vikwazo badala ya sifa za watu. Badala ya kuandika "mlemavu", andikeni "ukumbi una ngazi". Badala ya "dada wa kazi", andikeni "kikao ni Jumatano saa nane". Mkiandika hivyo, kila mstari unakuwa na kitu cha kurekebisha.

Hatua ya pili: amueni mchanganyiko wa wanachama

Wapo wanaopenda kikundi cha watu wenye shida moja tu. Kina faida zake: watu wanaelewana haraka, na mikopo ya halmashauri ina fungu la watu wenye ulemavu peke yao. Hata hivyo, nikiulizwa napendekeza kikundi cha mchanganyiko, cha watu 15 hadi 25, ambamo theluthi moja au zaidi ni wale waliokuwa nje. Jirani mwenye genge au cherehani anakuja na wateja, uzoefu na mtandao wa watu. Na aliyezoea kuonewa huruma anapata nafasi ya kumkopesha jirani yake, jambo linalobadilisha namna mtaa unavyomtazama kuliko semina yoyote.

Mmoja tu kati ya watu 20 atakuwa pambo. Wakiwa saba wanaweza kukataa jambo na kusikika.

Hatua ya tatu: andikeni katiba inayofungua mlango

Hapa tumieni vikao vitatu au vinne bila haraka. Katiba nyingi za vikundi zimenakiliwa kutoka kikundi kingine, na ndiyo maana zinawaacha watu wale wale nje. Vifungu hivi ndivyo vinavyofaa kujadiliwa kimoja kimoja.

Hisa. Bei ya hisa moja iwe kiasi ambacho mwenye kipato cha chini kabisa miongoni mwenu anaweza kutoa kila wiki, na mwenye uwezo aruhusiwe kununua hadi hisa tano. Tuseme hisa ni shilingi 1,000 na mko 20. Bibi ananunua moja kila wiki na fundi ananunua tano. Baada ya wiki 50 bibi ana hisa 50, fundi ana 250. Ikiwa kikundi kizima kina hisa 2,000 na kisanduku, pamoja na faida ya mikopo, kimefika shilingi 2,400,000, kila hisa ina thamani ya shilingi 1,200. Bibi anachukua 60,000, fundi anachukua 300,000. Hakuna aliyedhulumiwa, na kwenye kura kila mmoja ana moja. Andikeni pia kwamba mwanachama anaweza kuruka idadi fulani ya wiki bila faini, alimradi ametoa taarifa. Faini za kila wiki huwamaliza maskini kwanza: anayedaiwa 500 ya kuchelewa na 1,000 ya kukosa hisa ataona haya kurudi, na hatarudi.

Udhamini. Vikundi vingi vinataka wadhamini wawili wenye nyumba au vitu vya kuweka rehani. Mpangaji na kijana hawawezi. Mbadala ni kiwango cha mkopo kinachotokana na akiba ya mtu mwenyewe, kwa kawaida mara tatu. Bibi mwenye akiba ya 20,000 anaweza kukopa hadi 60,000, na mkopo wa kwanza uwe mdogo kuliko kikomo hicho. Anayehitaji zaidi ya hapo ndiye atafute wadhamini.

Riba. Katika mitaa ya pwani, na popote penye Waislamu wengi, kikundi chenye riba kinawaacha nje majirani ambao dini yao haiwaruhusu, na mara nyingi hawasemi, wanakaa kando tu. Zipo njia mbili zinazofanya kazi. Ya kwanza ni mkopo usio na nyongeza, yaani kardhi hasan, huku gharama za daftari na kikao zikilipwa kwa mchango sawa wa kila mwanachama, awe amekopa au hakukopa. Ya pili ni murabaha: mwanachama anahitaji cherehani, kikundi kinainunua kwa jina la kikundi, kisha kinamuuzia kwa bei iliyokubaliwa wazi mwanzoni, naye analipa kidogo kidogo bila bei kupanda akichelewa. Mtakeni sheikh wa eneo lenu asome kifungu hicho kabla hakijapitishwa.

Saa na mahali. Kikao kiwe siku ambayo wenye vikwazo vingi zaidi wapo huru. Kwa wafanyakazi wa ndani mara nyingi ni Jumapili mchana. Anayetumia methadoni kwa kawaida hufika kliniki kila siku kuchukua dozi mbele ya mhudumu, utaratibu ulioanza Muhimbili mwaka 2011 na kuenea mikoani, kwa hiyo kikao au zamu ya asubuhi na mapema itamkosa. Mahali pawe pa tambarare, penye kivuli na choo kinachofikika. Uwanja wa shule ni bora kuliko sebule ya mwenyekiti, maana kwenye sebule ya mtu wengine hujiona wageni.

Mawasiliano. Kiasi kilichomo kisandukuni kitamkwe kwa sauti kwa ajili ya asiyeona na kiandikwe ubaoni kwa herufi kubwa kwa ajili ya kiziwi. Wanachama wote wajifunze alama za msingi za Lugha ya Alama ya Tanzania: hisa, mkopo, deni, kura, nakubali, sikubali. Kwa vikao vya uchaguzi na mgawo, mkalimani alipwe na mfuko wa jamii, yaani ule mchango wa dharura unaowekwa mbali na hisa. Msimtumie mdogo wa huyo kiziwi kama mkalimani wa kudumu. Mambo ya fedha ya mtu mzima hayapaswi kupitia mdomo wa mtoto.

Uongozi. Katika viongozi watano na watunza funguo watatu, angalau wawili watoke miongoni mwa waliokuwa nje. Ufunguo unafaa kuanzia: hauhitaji kusoma wala kuandika, ila bila mwenye nao kisanduku hakifunguki, na heshima yake inaonekana kila wiki.

Uwakilishi. Mwenye ulemavu wa akili awe mwanachama kwa jina lake, na mlezi amsaidie akiwa pamoja naye kikaoni. Mlezi asichukue fedha peke yake. Mgawo utolewe mbele ya wote wawili.

Hatua ya nne: endesheni kisanduku kwa nidhamu

Hapa sirefushi, kwa kuwa utaratibu unajulikana. Kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, kisanduku kwa mtu wa nne. Fedha zinahesabiwa katikati, machoni pa wote, na hakuna muamala nje ya kikao. Kila mwanachama ana kitabu chake, na hisa hugongwa muhuri badala ya kuandikwa tarakimu, hivyo asiyesoma anahesabu mihuri yake mwenyewe. Mikopo ianze kutolewa baada ya wiki nane au kumi, na marejesho ya awali yasizidi miezi mitatu.

Mfuko wa jamii uhesabiwe mbali na hisa. Ndio unaoamua kama mwanachama atabaki wakati wa msiba au ugonjwa, kwa hiyo mchango wake uwe mdogo na sawa kwa wote, na sababu za kuutumia ziandikwe mapema. Ongezeni sababu mbili ambazo vikundi vingi hukosa: nauli ya kwenda hospitali kwa mwenye matibabu ya kudumu, na gharama za kurekebisha kifaa saidizi kama kiti mwendo au fimbo nyeupe.

Huduma za vikundi kwa simu zinapunguza hatari ya wizi, na uthibitisho wa watu kadhaa kabla ya fedha kutoka ni ulinzi mzuri. Ila angalieni nani hana simu, na nani simu yake inashikwa na mume au mwajiri. Kwa hao, taarifa ya salio isomwe kikaoni kama zamani.

Hatua ya tano: sajilini

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviweka vikundi vya kijamii vya fedha katika daraja la nne, na usajili wake hufanywa na halmashauri kupitia afisa maendeleo ya jamii. Andaeni katiba, muhtasari wa kikao cha kuanzisha kikundi wenye saini au dole gumba la kila mwanachama, orodha ya viongozi na vitambulisho vyao, na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Masharti madogo hubadilika, kwa hiyo pitieni ofisi ya kata kwanza mpewe orodha ya sasa.

Mkwamo wa kawaida ni kitambulisho. Bibi hana namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, au jina la kwenye kadi ya mpiga kura halifanani na la NIDA. Anzeni kushughulikia hilo mwezi wa kwanza, na mmoja wenu amsindikize. Mara nyingi ndio msaada mkubwa wa kwanza ambao kikundi kinampa mwanachama, maana kwa kitambulisho hicho hicho atasajili laini ya simu na kufungua akaunti.

Kenya, vikundi vinasajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022.

Hatua ya sita: tengenezeni kazi

Akiba inamlinda mtu, lakini asiye na kipato hana cha kuweka. Kwa hiyo baada ya miezi sita ya kisanduku kilichotulia, kikundi kinapaswa kufikiria biashara ya pamoja inayotoa ujira.

Iringa wana somo kubwa. Mwaka 2003 Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana ilianzisha Neema Crafts kwa vijana watatu viziwi waliotengeneza karatasi kutokana na kinyesi cha tembo. Ilikua ikawa na karakana kadhaa na mgahawa ambao wahudumu wake ni viziwi. Mteja anaandika anachotaka kwenye karatasi, na maisha yanaendelea. Kazi ilipangwa imfuate mfanyakazi, na mteja akaombwa jambo dogo tu. Mombasa, karakana za Bombolulu zimekuwa zikiajiri watu wenye ulemavu wa viungo tangu 1969, kwa vito, nguo na uchongaji. Dar es Salaam, Kituo cha Mabinti cha hospitali ya CCBRT kimefundisha ushonaji na uchapaji wa vitambaa kwa wanawake waliopona fistula, ili warudi makwao na ujuzi mkononi.

Hayo ni makubwa, na yalipata wafadhili. Mtaani kwenu anzeni na kile ambacho tayari kinanunuliwa kila wiki ndani ya umbali wa kutembea: sabuni ya maji, vitafunwa vya shule, sare za wanafunzi, mkaa mbadala, mboga, uzoaji wa taka, usafi wa zahanati. Chukueni majibu ya lile swali la nne mliloulizia majumbani, myaweke kando ya orodha hiyo. Pale ujuzi na soko vinapokutana ndipo pa kuanzia. Msianze na mradi kwa sababu semina imeusifu. Ufugaji wa kuku umevunja vikundi vingi ambavyo havikuwa na hata mmoja anayejua chanjo.

Kisha igawanyeni kazi vipande vipande. Sabuni ina kupima malighafi, kukoroga, kujaza chupa, kubandika lebo, kuhesabu, kupeleka dukani, kufuata madeni. Asiyeona anaweza kujaza kwa kipimo cha mkono na kufunga. Bibi anabandika lebo akiwa nyumbani na wajukuu. Kiziwi anakoroga na kupima, na akiwa na sampuli na bei iliyoandikwa anauza pia. Anayeweza kufanya saa tatu tu kwa siku apewe kipande cha saa tatu. Lipeni kwa kipande kilichokamilika, na bei ya kipande iwe ile ile kwa wote.

Hesabu ya biashara isichanganywe kamwe na kisanduku: daftari lake, mtunza fedha wake, akaunti yake. Na mpangilio wa matumizi uwe huu: kwanza malighafi, pili ujira, tatu akiba ya biashara, na mwisho kabisa mgawo. Tuseme mmeuza sabuni ya shilingi 200,000. Malighafi na vifungashio ni 110,000, usafiri na umeme 10,000, ujira 50,000. Zimebaki 30,000. Nusu, yaani 15,000, ibaki kukuza biashara, 7,500 iende mfuko wa jamii na 7,500 iingie kisandukuni. Namba ni za mfano, kwenu zitakuwa nyingine. Ila msikubali mtu aseme ujira usubiri faida. Anayefanya kazi bila kulipwa akisubiri mgawo wa Desemba ataacha mwezi Machi, na ataacha akiwa maskini kuliko alivyokuja.

Kwa bidhaa za chakula na vipodozi, ongeeni mapema na SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo. Wana mafunzo, na wanawatambulisha wajasiriamali wadogo kwa shirika la viwango, TBS, kwa ajili ya alama ya ubora. Bila alama hiyo mtaishia kuuziana wenyewe kwa wenyewe.

Hatua ya saba: daini nafasi yenu kwenye fedha za umma

Mikopo ya asilimia 10. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisitishwa Aprili 2023 baada ya dosari nyingi kubainika, kisha ukarejea mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Dosari mojawapo iliyolalamikiwa sana ni vikundi hewa, kwa hiyo siku hizi mnaulizwa ushahidi: vitabu vya kikundi, mradi unaoonekana, akaunti ya benki. Kikundi chenye mwaka mmoja wa mihuri ya hisa kina ushahidi ambao kikundi kilichoundwa wiki iliyopita hakiwezi kuughushi.

Ombeni kiasi ambacho biashara yenu imeonyesha inaweza kurejesha. Andiko la mradi liwe fupi: mnauza nini, kwa nani, kwa mwezi kiasi gani, mkopo utanunua nini, marejesho yatatoka wapi. Na msikubali kabisa kumsajili mtu mwenye ulemavu kwa ajili ya kupata lile fungu la asilimia 2 wakati hana hisa wala kazi kwenye kikundi. Huko ni kumuuza jirani yako, na deni likichacha jina lake ndilo linaloitwa.

Zabuni. Sheria ya ununuzi wa umma inazitaka taasisi za serikali zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalumu, yaani vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Kenya wana utaratibu wa zabuni za makundi maalumu, AGPO, wenye kiwango hicho hicho. Kwa maoni yangu fursa hii ni kubwa kuliko mkopo, kwa sababu mkopo hurejeshwa lakini malipo ya kazi ni yenu. Shule inahitaji madawati yarekebishwe, zahanati inahitaji mashuka na usafi, ofisi ya kata inahitaji chakula cha kikao. Zabuni hupita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, na kikundi kinahitaji usajili, namba ya mlipakodi (TIN) na akaunti ya benki. Mwombeni afisa maendeleo ya jamii awaongoze, kisha anzeni na kandarasi ndogo mnayoweza kuisubiria malipo, kwani serikali hulipa ila mara nyingi huchelewa. Ile akiba ya biashara ya 15,000 kwa kila mzunguko ilikuwa kwa ajili ya siku hizo.

Ujenzi pia unawezekana. Katikati ya miaka ya 1990 wakazi wa Hanna Nassif, Kinondoni, walijenga mifereji na barabara za eneo lao wenyewe kwa kandarasi za jamii zilizosaidiwa na Shirika la Kazi Duniani, wanawake wakiwemo kwenye vibarua. Kila mtaa wenye mfereji ulioziba unaweza kuipeleka hoja hiyo kwa diwani wake.

Kuangalia kama kweli mlango uko wazi

Kila miezi mitatu tengeni nusu saa. Fungueni daftari na muangalie mambo ambayo macho ya kawaida hayaoni. Kati ya waliokuwa nje, wangapi wamewahi kukopa? Kama wanaweka tu na wengine ndio wanaokopa, basi maskini ndio wanaowafadhili wenye nafuu, na kikundi kimegeuka. Nani hajazungumza kikaoni kwa mwezi mzima? Ujira wa mwezi uliopita ulimfikia nani? Nani ameondoka, na kuna mtu aliyemfuata nyumbani kumuuliza kwa nini? Mkopo wa mama ulitumiwa na mama, au mume aliupokea mlangoni?

Kuna migogoro mitatu ya kuitegemea. Mkopaji asiyerejesha: msimpeleke kwa mgambo wala kuchukua godoro lake, kama wafanyavyo kausha damu. Upangeni upya mkopo wake mara moja kwa maandishi, na akishindwa tena, ukatwe kwenye hisa zake. Kiongozi anayeng'ang'ania: katiba iweke mihula miwili tu, na uchaguzi ufanyike kila mwisho wa mzunguko kwa kura ya siri ya kokoto, ambayo hata asiyeona na asiyesoma anaweza kuipiga. Na dharau, ambayo huja kwa utani: jina la kejeli kwa mwenye ualbino, mzaha kuhusu aliyekuwa teja. Iwekeeni adhabu kwenye katiba, sawa na wizi, na itekelezeni mara ya kwanza inapotokea, hata aliyetamka akiwa ndiye mwenye hisa nyingi kuliko wote.

Mwisho wa mzunguko

Baada ya miezi tisa hadi 12 mnavunja kisanduku na kugawana. Fanyeni mgawo kabla ya msimu wa ada za shule au wa kilimo, kutegemea mnakoishi. Biashara haivunjwi. Mfuko wa jamii pia unabaki, ili mzunguko mpya usianze mikono mitupu.

Siku hiyo hiyo, kabla watu hawajatawanyika, fanyeni mambo mawili. La kwanza, kila mmoja aseme atarudi au hatarudi, na bei ya hisa ya mwaka ujao ipigiwe kura. Mwenye nafuu atataka ipande, na ndipo wale saba wanapohitaji kuwepo na kusikika. Bei ikipanda kupita uwezo wao, gawanyeni kikundi mara mbili badala ya kuwaacha, na biashara ibaki ya pamoja. La pili, rudini kwa mjumbe wa shina mkiwa na ile orodha ya mwanzo, muisome upya. Wapo waliohamia, wapo waliofiwa na wenzi wao, yupo aliyetoka gerezani mwezi uliopita. Wawili kati yenu wapangiwe nyumba za kutembelea, na siku ya kwenda itajwe papo hapo.